Jina la Kisiwa cha Vinka

Kwa miaka thelathini na minane Vinka Magaš alikaa nyuma ya kioo cha kibanda cha tiketi, katika gati la mji wa Zadar, akiwauzia watu safari za visiwani ambazo yeye mwenyewe hakuzisafiri. Bahari ilimchafua tumbo, hakuipenda. Lakini habari za visiwa alikuwa nazo zote. Kisima cha mahali fulani kikikauka, yeye alijua wa kwanza, maana wanawake wa huko walishuka kivukoni na mabunda ya nguo chafu kwenda kufulia kwa ndugu zao mjini. Mtu akifa, alijua kwa mashada ya maua yaliyopakiwa. Nani kamkimbia nani, nani karudi, nani kanunua runinga mpya, yote yalipita dirishani pake pamoja na chenji.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki, wakampiga picha. Jumatatu iliyofuata aliamka alfajiri, akavaa, akashuka ngazi, akafika hadi kona ya soko la samaki, ndipo akakumbuka kwamba hana anakokwenda. Akasimama pale na mkoba wake mkononi mpaka muuza dagaa akamuuliza kama amepoteza kitu.

Tangu siku hiyo hakutulia tena. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Miguu tu ilikataa kukaa. Alikunywa kahawa amesimama karibu na sinki, alikula viazi na mboga huku akichungulia dirishani, na alipofungua gazeti alisoma vichwa vya habari tu kisha akalikunja na kwenda kutembea ufukweni. Mdogo wake, Dobrila, aliyekuwa akitengeneza nywele za wanawake wa mtaa katika chumba cha mbele, alichoka naye.

"Dada, kaa chini. Unanitia kizunguzungu. Nyumba ina vyumba viwili, wewe unaizunguka utadhani ina ghorofa tisa."

"Nimekaa."

"Umekaa wapi? Hicho kiti kimeshakusahau sura."

Dobrila ndiye aliyemwandikisha katika kikundi cha uandishi kilichokutana maktaba ya mtaa kila Alhamisi. Alimwandikisha bila kumuuliza, kusudi apate angalau saa mbili za kufanya kazi bila mtu kupita nyuma ya kichwa cha mteja. Kikundi kilikuwa na watu sita. Mwenyekiti alikuwa Božidar Rukavina, jaji mstaafu, mtu mrefu mwenye tai hata katika joto la Julai, aliyesoma maandishi ya wenzake kama anasoma hati ya mashtaka. Kulia kwake alikaa Anđelka, mkunga wa zamani, aliyezalisha nusu ya watoto wa visiwani na aliyezungumza na kila mtu kama vile bado yuko uchi mbele yake.

Vinka alikwenda mara ya kwanza kwa kununa. Mara ya tatu alirudi nyumbani na daftari la bluu la shule, na kwa wiki moja miguu yake ilitulia chini ya meza ya jikoni. Aliandika hadithi ya mwanamke anayeitwa Luce, anayepanda kivuko kwenda kumwona shangazi yake mgonjwa, anasinzia njiani, anateremka kisiwa kisicho chake. Upepo unachafuka, vivuko vinasitishwa. Vinapoanza tena, Luce yuko gatini na mkoba wake, anakiona kivuko kinakuja, kinafunga kamba, kinafungua kamba, kinaondoka, na yeye bado amesimama palepale. Basi anakaa.

Siku aliyoisoma, hata Jaji alivua miwani.

"Bi Vinka," alisema, "hadithi ni nzuri. Imenishika. Lakini nina swali moja. Hii mistari mitupu ni ya nini?"

Maana kila mahali palipotakiwa jina la kisiwa, Vinka alikuwa ameacha pengo na kulichorea mstari. Mapengo yalikuwa kumi na manne.

"Jina bado sijalipata."

"Ulipate. Msomaji atadhani amepewa fomu ya kodi ajaze."

Maktaba ilikuwa imeahidi kuchapisha hadithi za kikundi katika kijitabu, na mchapaji alizitaka kabla ya mwisho wa Novemba. Huo ulikuwa mwanzo wa Oktoba. Vinka alidhani jina ni kazi ya dakika kumi.

Alianza na Sestrica, yaani Dada Mdogo, kwa kumpendeza Dobrila. Jaji alikuwa na mashua ndogo ya tanga na ramani zote za bahari ile, na Alhamisi iliyofuata alikuja nazo chini ya kwapa pamoja na kioo cha kukuzia. Alizitandaza mezani, akainama.

"Visiwa vya jina hilo viko vingi tu, Bi Vinka. Hapa. Na hapa. Na huku chini."

"Basi Golubinjak. Pale penye njiwa."

"Kipo. Ni mwamba, hauna hata nyasi, lakini upo na una jina."

"Mheshimiwa, mwamba usio na nyasi utanishtaki?"

"Mwamba hautakushtaki. Watu watakuandikia barua. Mimi nimeketi mahakamani miaka thelathini, nawajua watu wetu. Mtu haendi kwenye kisiwa chake hata mara moja kwa mwaka, lakini ukilitumia jina lake vibaya anakodi wakili."

Tatizo la pwani ile ni hilo. Visiwa na miamba vinazidi elfu moja, na hakuna jiwe lililotokeza kichwa majini ambalo mchungaji au mvuvi hakulipa jina. Kila jina zuri lilikuwa na mwenyewe. Vinka akahamia kwenye majina ya kubuni. Alitembea ufukweni huku na huko akiyatafuna mdomoni, akirudi nyumbani kumjaribia Dobrila, ambaye mara nyingi alikuwa na kichwa cha mtu ndani ya beseni.

"Alorna," Vinka alisema akiwa mlangoni.

"Hiyo ni dawa ya bawasiri," alisema Dobrila.

"Kweli," alisema yule mwenye kichwa ndani ya beseni. "Mume wangu anaipaka."

"Miradela."

"Nyumba ya wageni. Kifungua kinywa saa mbili mpaka saa nne, mbwa hawaruhusiwi."

"Basi nitakiita Kisiwa, nimalize!"

"Kiite. Kisha ukae chini."

Lakini hakukaa. Oktoba ilikwisha. Majina yalimfuata sokoni, kanisani, kwenye foleni ya benki. Aliandika jina nyuma ya risiti, akalipenda hadi afike mlango wa nyumba, akalichana ngazini. Alianza kuhisi kwamba kuna jina moja linalokaa mlangoni likiwazuia mengine yote kuingia, na hilo moja hakutaka hata kuligeukia.

Alhamisi ya pili ya Novemba Anđelka alipoteza subira.

"Shoga, mbona unajitesa? Kisiwa si unacho tayari? Makaburi yako kandokando ya gati, kisima cha mvua kina vifuniko viwili, duka lina madirisha ya bluu, na njia ya kwenda juu inapita nyuma ya kanisa. Mimi nimekwenda kuzalisha pale mara kumi na tisa. Hata gizani nakitambua. Andika tu." Akalitaja jina la kisiwa hicho, wazi, kwa sauti ya mtu anayemwita mgonjwa anayefuata.

Vinka alikusanya daftari lake, akavaa koti akikosea mkono, akatoka bila kuaga. Jaji alimfuata mpaka mlangoni akiita, "Bi Vinka, mwavuli wako!" lakini yeye alikuwa ameshavuka barabara.

Jina la kisiwa hicho halitatajwa hata katika habari hii, mwenyewe hakupenda. Sababu yake ni kama ifuatavyo.

Vinka aliwahi kuolewa. Mumewe aliitwa Jere, fundi wa majokofu, mcheshi, mwenye mikono mizuri. Kazi ilimpeleka visiwani kila wiki kutengeneza friji za maduka, na kwa kuwa mkewe alikuwa mfanyakazi wa vivuko alisafiri bure, kwa pasi ya familia. Septemba ya mwaka 1988, mchana, foleni ikiwa ndefu na jua likipiga kioo, Vinka aliinua macho akamwona Jere amesimama dirishani kama abiria yeyote. Alitaja kisiwa.

"Pasi yako iko wapi?" aliuliza Vinka.

"Nipe tiketi."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu."

Alidhani anafanya mzaha. Nyuma yake kulikuwa na watu ishirini na mtoto analia. "Kwenda tu?"

"Kwenda tu, Vinka."

Akaigonga muhuri. Akampa na chenji. Dirisha lilikuwa juu, hakuweza kuona kwamba chini, miguuni pa Jere, kando ya kisanduku cha vifaa, kulikuwa na sanduku la nguo. Alipofika nyumbani alikuta pasi ya familia imewekwa mezani chini ya bakuli la sukari.

Hakumfuata. Talaka ilimalizwa kwa posta. Lakini tangu siku ile mdomo wake ulilikataa jina lile. Abiria alipolitaja, yeye alijibu, "Kile cha saa nane, hela ndogo tafadhali." Wenzake walijua, wakanyamaza, na kwa miaka ishirini na mitano iliyobaki dirisha lake liliuza tiketi za kisiwa hicho bila kulitaja. Hata Jere alipofariki, mwaka 2009, Vinka alizipata habari kwa tangazo la msiba lililobandikwa ukutani mwa kibanda, picha ya mzee mwembamba aliyefanana naye kidogo, na chini yake jina la mfiwa mmoja tu: Roža.

Sasa alikuwa ameketi, au tuseme anazungukazunguka jikoni, akilisoma daftari lake la bluu kama limeandikwa na mtu mwingine. Kisima cha vifuniko viwili alikitoa wapi? Makaburi ya gatini? Kumbe kwa miaka yote ile abiria walipopita dirishani wakisema hili na lile, sikio lake lilikuwa likiokota. Neno moja leo, moja mwakani. Lilikijenga kisiwa kizima, jiwe juu ya jiwe, bila kumwomba ruhusa.

Jugo lilikuwa limeanza kuvuma, upepo ule wa kusini wenye unyevu, unaoleta maumivu ya kichwa na kuwagombanisha watu kwa kitu kidogo kama kijiko. Bahari ilipanda mpaka juu ya mawe ya ufukwe. Vivuko vya mbali vilisitishwa siku nne. Siku zote nne Vinka alikwenda gatini asubuhi kusoma lile tangazo la kusitishwa, akarudi, akaenda tena mchana.

"Unataka kwenda wapi?" Dobrila alimuuliza siku ya nne.

"Popote."

"Popote hakuna kivuko. Dada, unakwenda kule?"

Vinka alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa safi tangu jana. "Nataka nikione tu. Kama ni kilekile nilichokiandika, nibadilishe kila kitu. Kama sicho, basi."

"Na yule mwanamke?"

"Nimesema mwanamke mimi? Nimesema kisiwa."

"Haya. Vaa soksi nzito."

Siku ya tano upepo ulitulia. Dirishani alikuwapo Senka, ambaye walifanya kazi pamoja tangu ujana, akisubiri kustaafu mwaka huohuo.

"Vinka! Umerudi kazini?"

"Nipe tiketi. Kivuko cha saa nne."

Senka alisita. "Cha saa nne si kama cha saa nane, kinapita visiwa vitatu, mpenzi. Mashine inataka jina."

Nyuma yake mtu alikohoa. Vinka aliinamia tundu la kioo na kulitaja. Lilitoka na kikohozi, kama mfupa wa samaki, lakini lilitoka. Senka alibonyeza, macho yakiwa kwenye mashine.

"Kwenda na kurudi," aliongeza Vinka upesi, kabla hajaulizwa. "Leoleo."

Njiani alitapika mara mbili. Abiria mwenzake, mwanamume mwenye kuku wawili kwenye boksi, alimpa kipande cha mkate mkavu na kumwambia atazame ng'ambo, asitazame maji. Alipoteremka alitazama huku na huku akitafuta kosa. Makaburi yalikuwapo, ukutani kabisa mwa gati. Lakini madirisha ya duka yalikuwa ya kijani. Kisima kilikuwa na kifuniko kimoja tu. Kando yake kulikuwa na tundu lililozibwa kwa ubao na jiwe. Moyo wake ulipata nafuu kidogo, na papo hapo ukaona hasira: nani alimdanganya?

Mwanamume mmoja alikuwa akipaka rangi tumbo la mashua. Mdomo wa Vinka uliuliza kabla kichwa hakijakubali.

"Kwa Roža ni wapi?"

"Yuko kwenye zeituni, kama dunia nzima leo. Pita nyuma ya kanisa, upande juu. Ukisikia mtu anatukana, umefika."

Alipanda. Njia ilikuwa ya mawe, imelowa, yenye harufu ya majani yaliyooza na moshi. Hakufika mbali akasikia sauti ya mwanamke: "Vamo! Vamo, we kichwa cha tofali! Nimesema vamo!" Neno hilo kwa watu wa pwani ile ni kusema *huku, njoo huku*. Aliyekuwa akiitwa huku ni punda mwenye magunia mawili ubavuni, aliyekuwa akitaka kwenda kule. Juu ya ngazi iliyoegemezwa kwenye mzeituni alisimama mwanamke mfupi, mnene, mwenye fulana ya kiume na buti za mpira, akichuma kwa mikono miwili.

"Habari za kazi," alisema Vinka.

"Nzuri," alijibu yule mwanamke bila kugeuka. Kisha mikono yake ikasimama. "Ngoja. Sema tena."

"Nimesema habari za kazi."

"Sauti hiyo!" Aligeuka taratibu juu ya ngazi. "*Kile cha saa nane, hela ndogo tafadhali.* Ni wewe wa dirishani."

Walitazamana. Vinka alikuwa amejiandalia sentensi kadhaa katika miaka ile yote, nyingine kali sana, na sasa hakuipata hata moja.

"Sikujui sura," alisema.

"Hukuweza kunijua. Mwenzio akiwapo nilikwenda kwake. Asipokuwapo nilijifunga kitambaa mpaka puani na kuvaa miwani ya jua."

"Yule wa miwani ya jua!" Vinka alishika kiuno. "Hata mvua ikinyesha! Sisi tulidhani una maradhi ya macho. Senka alikuwa anakuombea kanisani."

"Mshukuru. Macho ni mazima." Roža alishuka ngazi hatua mbili, akasimama. "Umekuja kunitukana?"

"Sijui."

"Basi wakati unafikiri, shika huo upande wa wavu. Mvua itarudi jioni, na mimi nina miti sita na mgongo mmoja."

Vinka aliushika wavu. Angefanya nini? Alikuwa amesafiri kwa saa mbili akitapika, na mikono yake ilikuwa haina kazi. Walichuma. Zeituni zilidondoka juu ya wavu kama mvua ya mawe, na kila walipomaliza mti Roža alimwelekeza, "Vuta vamo. Zaidi. Vamo, huku kwangu!" kwa sauti ileile aliyomwitia punda, wala Vinka hakuona vibaya. Baada ya mti wa pili waliketi juu ya gunia. Roža alikata jibini, akatoa tini zilizokaushwa na chupa ndogo ya rakija, pombe kali ya matunda.

"Alikaa hapa miaka sita," alianza mwenyewe, bila kuulizwa. "Halafu siku moja akaniambia anakwenda kisiwa cha pili kutengeneza friji la duka. Friji hilo lilichukua miaka minne."

Vinka aliacha kutafuna. "Miaka minne?"

"Duka lilikuwa la mjane. Sitaki kumsema, na yeye maskini amekufa. Aliporudi alikuwa na kikohozi na sanduku lilelile alilokuja nalo kutoka kwako."

"Kumbe tulikuwa watatu."

"Watatu ninaowajua mimi."

"Na ukampokea?"

"Wewe usingempokea?"

Vinka alifikiri. Zamani jibu la swali hilo alikuwa nalo tayari, amelala na kuamka nalo miaka na miaka. "Ningempiga na sahani," alisema.

"Nilimpiga," alisema Roža. "Lakini baada ya supu. Alikuwa amekonda."

Hapo Vinka alicheka, na kicheko kilimuuma mbavu kwa kuwa tumbo lilikuwa tupu. Roža naye alicheka, kisha akajifuta pua kwa mkono wa fulana na kuacha ghafla.

"Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa anatulia, basi. Kahawa anakunywa amesimama. Kila kiti kwake kilikuwa na miiba. Nilimwambia, Jere, kaa, nami nikuone. Akasema amekaa."

Vinka aliutazama mkono wake ulioshika kokwa ya zeituni, ukiizungusha na kuizungusha. Akaitupa, akainuka, akaona kwamba ameinuka, akaketi tena kwa nguvu.

Kwenye mti wa nne alimweleza habari ya daftari. Alimweleza Luce na kivuko, na kisiwa kisicho na jina, na kisima na madirisha. Roža alisikiliza akiwa na mdomo wazi, kisha akaanza kusahihisha.

"Kifuniko cha pili kiliibwa wakati wa vita. Na duka ni la kijani tangu nilipolipaka mimi mwenyewe. Nani alikwambia bluu?"

"Abiria mmoja. Mzee wa ndevu nyekundu."

"Mungu wangu! Huyo haoni rangi. Ndevu zenyewe anadhani ni nyeupe."

"Wewe ungekiita nini?"

"Kisiwa?" Roža alishangaa kweli. "Mimi? Hili jina letu lenyewe nalitaja mara moja kwa mwaka, dirishani kwenu. Ukiwa hapa unamtajia nani? Kila mtu yuko hapa. Vuta huo wavu, unazikanyaga. Vamo!"

Honi ya kivuko ililia mara moja chini bandarini. Vinka aliondoka mbio na majani nyweleni, bila kuagana vizuri. Roža alipiga kelele kitu nyuma yake ambacho upepo ulikichukua.

Safari ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Jugo lilikuwa linarudi. Vinka alishika chuma kwa mikono miwili, akatazama ng'ambo kama alivyofundishwa, na kichwani hakikuja kitu ila ile sauti ikimwita punda, ikimwita yeye, mchana kutwa. *Vamo.* Alilisema kwa sauti. Hakuna aliyemsikia kwa kelele za injini. Alilisema kama abiria dirishani: tiketi moja ya Vamo. Kivuko cha Vamo hakijaja. Luce alishuka Vamo kwa makosa. Alitoa kalamu, na kwa mwandiko uliopandapanda kama bahari yenyewe akaliandika nyuma ya tiketi, akatapika, akalitazama tena. Bado alilipenda.

Alhamisi Jaji alizitandaza ramani. Alitafuta robo saa nzima, kaskazini hadi kusini, akatoa na ramani moja ya kale ya Waitaliano.

"Halimo," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na huzuni kidogo, kama mtu aliyeshindwa kesi. "Lakini Bi Vinka, hili si jina. Ni kielezi. Mtu hawezi kuishi ndani ya kielezi."

"Luce ameweza."

"Akiulizwa yuko wapi atasema, 'Niko Huku'?" aliuliza Anđelka. "Na mwenye kumuuliza atajua nini?"

"Kwamba aende huko," alisema Vinka.

Anđelka alicheka mpaka akashika meza. Jaji alikunja ramani zake pole pole, akinong'ona, "Kivuko cha kwenda Vamo. Kivuko cha kutoka Vamo," akilipima, na mwisho akaandika kwa mkono wake mwenyewe katika pengo la kwanza. Yale kumi na matatu alijaza Vinka. Wakati wanatoka, Anđelka alimshika mkono ngazini na kumwambia kwamba siku ile hakujua, kwamba angejua asingelitaja. Vinka alimwambia kisima kina kifuniko kimoja.

Kijitabu kilitoka wiki moja kabla ya Krismasi, chembamba, chenye picha ya nanga. Siku ya kusoma maktaba ilijaa. Dobrila alikuja na wateja wanne, wote nywele zimetengenezwa bure. Vinka alisoma akiwa amesimama, akihamisha uzito mguu huu mguu ule, na alipofika kwenye jina hakuna aliyecheka wala kuuliza. Walilipokea tu, kama jina lolote.

Kesho yake alimpa baharia wa kivuko nakala moja, ameandika juu ya bahasha, *Kwa Roža, kwenye duka la kijani.*

Jibu lilikuja baada ya Mwaka Mpya, kwa baharia huyohuyo: chupa ya lita moja ya mafuta mapya ya zeituni, mazito, ya kijani, imefungwa kwa gazeti. Ndani ya gazeti kulikuwa na karatasi iliyochanwa kutoka kwenye daftari la hesabu. Roža aliandika kwa herufi kubwa, kama mtu anayepiga kelele kutoka kilima hadi kilima. Alisema amesoma mara mbili. Alisema jina ni zuri na punda anawasalimu. Kisha: *Lakini huyo Luce wako mbona hali chakula? Nimehesabu miezi. Ameshuka Aprili, tumefika Septemba, hajatia kitu kinywani zaidi ya maji ya kisima. Kisiwani kwetu mtu hakai miezi sita bila mtu kumletea sahani. Au watu wa Vamo ni wachoyo?*

Vinka alisoma barua jikoni, koti likiwa bado mwilini. Alitaka kukasirika.

"Imeshachapishwa!" alimwambia Dobrila. "Nakala mia mbili! Sasa ananiambia!"

"Acha basi. Njoo tuonje mafuta."

"Hajala kweli, lakini. Hata kipande cha mkate. Nimempitisha kiangazi kizima hivihivi."

"Dada. Mkate huu hapa. Kaa."

Lakini Vinka alikuwa ameshatoka chumbani kutafuta daftari la bluu. Alirudi akipekua kurasa kwa kidole kilicholowa, akipita kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi, akitafuta ni nyumba gani pale Vamo ingekuwa ya kwanza kumpelekea mgeni sahani, na ndani ya sahani mna nini.